Kloni ya seva ya mafaili: iwashe kabla hujaihitaji

Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi mmoja wa GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandika programu wa dunia nzima, alikuwa akihangaika na seva ya akiba ya hifadhidata iliyokuwa imeachwa nyuma na seva kuu. Akaamua kufuta folda ya data kwenye seva ya akiba ili aanze upya. Sekunde moja au mbili baada ya kubonyeza akagundua kwamba amri ile ameitoa kwenye seva kuu. Alipoikatiza, kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimesalia 4.5.

Kampuni ile haikuwa ya wazembe. Ilikuwa na njia tano za kujikinga, na usiku ule hakuna hata moja iliyofanya kazi kama walivyoitegemea. Bakapu ya kila siku ilikuwa inashindwa kimya kimya, kwa sababu programu ya kuitengeneza ilikuwa ya toleo 9.2 la PostgreSQL ilhali hifadhidata yenyewe ilikuwa ya toleo 9.6. Baruapepe za kuwaonya kuhusu kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa na mfumo wa barua. Snapshoti za diski za Azure zilikuwa hazijawezeshwa kwa seva za hifadhidata. Kilichowaokoa ni nakala moja iliyochukuliwa kwa mkono saa sita hivi kabla ya ajali, na aliyeichukua hakuwa akifikiria maafa hata kidogo: alitaka data halisi ya kufanyia majaribio. Kuirudisha kulichukua takriban saa 18, maana diski za mazingira ya majaribio zilikuwa za mwendo wa pole. Miradi isiyopungua 5,000, maoni 5,000 na akaunti za watumiaji 700 hivi zilipotea.

GitLab waliyaeleza haya yote hadharani wenyewe, jambo la kuwashukuru. Ile ilikuwa hifadhidata, na makala hii inahusu seva ya mafaili, lakini somo ni lile lile, na ndilo ninalotaka kulisisitiza kwa kila ofisa TEHAMA na kila mkuu wa ofisi anayesoma hapa: nakala unayoitumia mara kwa mara kwa majaribio ndiyo nakala pekee unayoijua kuwa nzima. Kuijaribu seva na kujiandaa kwa maafa ni kazi moja, na ukizitenganisha, ile ya pili hufa taratibu bila mtu kujua.

Snapshoti, bakapu na kloni

Seva ya mafaili ndiyo ile ambayo wafanyakazi wanaijua kwa herufi tu: "iko kwenye S", "niwekee kwenye Public". Humo kuna mikataba, orodha za mishahara, michoro ya majengo, mitihani ambayo haijafanyika, barua za miaka kumi. Siku hizi katika ofisi nyingi seva hiyo si sanduku la chuma linalojitegemea. Ni mashine pepe inayoishi ndani ya kompyuta mwenyeji inayoendeshwa na haipavaiza, yaani programu ya kuendesha mashine pepe, kama Hyper-V, VMware ESXi au Proxmox VE. Diski yake ni faili tu: VHDX kwa Hyper-V, VMDK kwa VMware. Kwa hiyo unaweza kuinakili seva nzima, pamoja na mfumo endeshi, mipangilio, ruhusa na mafaili, kama unavyonakili faili jingine lolote. Huko ndiko kuitengenezea kloni.

Watu huchanganya kloni na snapshoti, na mkanganyiko huo una gharama. Ukichukua snapshoti, haipavaiza inaacha kuandika kwenye diski ya asili na kuanza kuandika mabadiliko yote kwenye faili la pembeni. Hakuna nakala ya pili iliyotengenezwa. Diski ya asili ikiharibika, snapshoti nayo haina thamani. Isitoshe, faili lile la pembeni linaendelea kuvimba kadiri siku zinavyopita. VMware wenyewe wanashauri snapshoti moja isikae zaidi ya saa 72, na ingawa mfumo wao unakubali mnyororo wa hadi snapshoti 32, wanapendekeza mbili au tatu. Snapshoti ni ya kazi ya leo: unaichukua kabla ya kuweka masasisho, unahakikisha kila kitu kiko sawa, unaifuta.

Kloni kamili haitegemei chochote. Unaweza kuihamishia kwenye kompyuta mwenyeji nyingine, mtaa mwingine au mkoa mwingine, ikawaka. Ipo pia kloni tegemezi, ambayo husoma diski ya mama yake na kuhifadhi tofauti tu. Hiyo inatengenezwa kwa dakika chache na inakula nafasi ndogo, nayo inafaa sana kwa majaribio ya mchana mmoja, lakini kwa maafa haina msaada.

Bakapu nayo ina kazi ambayo kloni haiwezi kuifanya: kukumbuka historia. Mhasibu akija leo akisema kuna folda iliyofutwa wiki tatu zilizopita, kloni ya jana haitamsaidia. Usiache bakapu kwa sababu una kloni.

Mapacha wasikutane

Hapa ndipo ajali nyingi hutokea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kloni ya seva ya mafaili inapowashwa haijui kwamba yenyewe ni kloni. Inaamini ndiyo seva halisi. Ina jina lile lile, anwani ya IP ile ile, na siri ile ile ya kujitambulisha kwenye Active Directory, yaani kikoa kinachotambua watumiaji na kompyuta za ofisi. Ukiiwasha kwenye mtandao mmoja na seva ya asili, balaa linaanza kwa namna ambayo ni ngumu kuitambua. Baadhi ya wafanyakazi watafungua mafaili kwenye seva halisi, wengine kwenye kloni, kutegemea ni ipi iliyojibu kwanza. Mtu ataandika ripoti asubuhi nzima, ataihifadhi, na mchana haitaonekana.

Kuna madhara yanayokuja baadaye pia. Kila kompyuta iliyounganishwa na Active Directory hubadilisha nenosiri lake la siri kila baada ya siku 30, isipokuwa kama mpangilio umebadilishwa. Kloni ikiwahi kulibadilisha, seva halisi ndiyo itakayoonekana ya bandia na kufungiwa nje ya kikoa. Vilevile kloni huamka na kazi zake zote za ratiba. Ile ya kufuta mafaili ya zamani saa nane usiku itaanza. Ile ya kutuma ripoti kwa mkurugenzi itatuma ripoti mbili. Wakala wa bakapu ataamka na utambulisho wa seva halisi na kuanza kupeleka nakala kwenye hifadhi ile ile, na hilo la mwisho ndilo la kuogopwa kuliko yote, kwa sababu linachafua kitu utakachokihitaji siku ya shida. Kama seva inatumia DFS kusawazisha mafaili na tawi jingine, kloni inaweza kuingia katikati ya mazungumzo hayo na kusambaza toleo la zamani.

Dawa yake haina gharama: mtandao uliotengwa kabisa. Katika Hyper-V tengeneza swichi pepe ya aina ya Private. Katika VMware tengeneza swichi isiyofungwa kwenye kadi yoyote ya mtandao ya mwenyeji. Katika Proxmox tengeneza daraja la mtandao lisilo na mlango wa nje. Mashine zilizo ndani zitaonana zenyewe kwa zenyewe, na hazitaweza kuiona ofisi wala intaneti. Usiridhike na kuweka VLAN nyingine tu ilhali ruta inaruhusu kupita kati ya VLAN hizo, na usitegemee kumbukumbu yako kwamba "nitakumbuka kuchomoa". Hakikisha kadi ya mtandao ya kloni imeelekezwa kwenye swichi iliyotengwa kabla hujabonyeza kitufe cha kuwasha, si baada.

Kwenye Hyper-V njia nyepesi ni kuihamisha mashine kwa amri ya Export, ambayo tangu Windows Server 2012 R2 inafanya kazi hata seva ikiwa imewaka, kisha kuiingiza upya kwa kuchagua nakala yenye utambulisho mpya. Utambulisho huo mpya ni wa haipavaiza tu. Ndani, Windows inabaki na jina na anwani yake, na kwa majaribio hivyo ndivyo inavyotakiwa: unataka kuona seva halisi itakavyofanya, si kitu kinachofanana nayo. Kwenye lebo ya haipavaiza, hata hivyo, ipe jina ambalo mtu yeyote akiliona saa tisa usiku hatalichanganya, lenye neno JARIBIO na tarehe.

Ukitaka kloni iwe seva mpya ya kudumu upande wa pili wa ofisi, hapo utambulisho lazima ubadilishwe: Sysprep kwa Windows, na kwa Linux faili la machine-id na funguo za SSH. Funguo zikibaki zilezile, anayeiba moja ameiba zote, na kwenye Ubuntu machine-id ikifanana, seva mbili zinaweza kupewa anwani moja na DHCP na kukupotezea mchana kutwa. Mimi lakini sishauri njia hiyo kwa seva ya mafaili. Jenga seva mpya safi, kisha hamishia mafaili na ruhusa zake kwa Robocopy, au kwa Storage Migration Service iliyokuja na Windows Server 2019. Kloni ibaki kwa kazi yake.

Seva bila kikoa ni kabati lisilo na ufunguo

Umetengeneza kloni, umeitenga, imewaka. Unafungua sehemu ya ruhusa za folda ya Fedha, na badala ya majina ya watu unaona mistari ya namba inayoanza na S-1-5-21. Wengi hushtuka hapa wakidhani ruhusa zimeharibika. Hazijaharibika. Windows huhifadhi ruhusa kwa namba za utambulisho, na majina huyauliza kwa seva ya kikoa. Kwenye mtandao uliotengwa hakuna wa kuijibu, kwa hiyo hakuna mfanyakazi wa kawaida atakayeweza kuingia.

Kwa hiyo jaribio la kweli linahitaji kloni mbili: ya seva ya mafaili na ya seva ya kikoa. Chagua ile seva ya kikoa inayotoa pia huduma ya DNS na inayoshikilia majukumu makuu ya kikoa, vinginevyo itakaa muda mrefu ikiwasubiri wenzake ambao hawatakuja. Zichukue kloni zote mbili siku moja, ili nywila zao zikubaliane. Na hapa naomba nisikike vizuri: kloni ya seva ya kikoa isiguse mtandao wa ofisi kwa namna yoyote ile. Windows Server 2012 ilileta kinga inayoiwezesha seva ya kikoa kutambua kwamba imerudishwa nyuma na haipavaiza, lakini kinga hiyo isiwe sababu ya kujaribu bahati.

Ongeza mashine pepe ya tatu, Windows ya kawaida, iwe ndiyo mfanyakazi wako. Kuanzia hapo una ofisi ndogo kamili ndani ya kompyuta moja. Kwa wale wanaotumia Samba kwenye Linux na watumiaji wake wako ndani ya seva hiyohiyo, hatua hii ya kikoa haiwahusu.

Jambo jingine linalosahauliwa: ruhusa za NTFS husafiri na diski ya data, lakini orodha ya folda shirikishi zenyewe, yaani ile Public na ile Fedha kama zinavyoonekana kwenye mtandao, huishi kwenye rejista ya Windows katika diski ya mfumo. Anayenakili diski ya data peke yake atajikuta na mafaili yote na hakuna hata folda moja inayoonekana kwa watumiaji. Nakili zote mbili, au angalau hifadhi tawi la rejista linaloitwa LanmanServer\Shares pembeni.

Lini uichukue, na nafasi kiasi gani

Kloni iliyochukuliwa seva ikiwa katikati ya kazi, bila maandalizi, ni sawa na diski ya seva iliyozimika ghafla umeme ulipokatika. NTFS ina kumbukumbu ya matendo yake na kwa kawaida itajirekebisha. Mafaili yaliyokuwa wazi ndiyo yenye mashaka. Huduma ya VSS, iliyoko tangu Windows Server 2003, huituliza seva kwa muda mfupi ili data ikae sawa. Kwenye Hyper-V, kuanzia Windows Server 2016, nukta za ukaguzi za aina ya Production huitumia huduma hiyo. Kwenye Proxmox, weka wakala wa QEMU ndani ya mashine ili aweze kugandisha mfumo wa mafaili kwa sekunde chache.

Hata hivyo VSS haifahamu kila programu. Faili la Access linaloandikwa na watu wanne kwa pamoja, au faili la hesabu la QuickBooks lililoachwa wazi kwenye folda shirikishi, linaweza kunakiliwa likiwa nusu njiani. Panga kloni ya maafa ichukuliwe baada ya idara ya fedha kufunga, na muwaombe wafunge kweli, si kuacha dirisha limeshushwa chini.

Kuhusu nafasi, tahadhari ni moja. Diski pepe nyingi hutengenezwa zikiwa nyembamba, zinakua kadiri zinavyoandikwa. Seva inayosema ina terabaiti 2 inaweza kuwa inatumia gigabaiti 700 leo. Ukiweka kloni yake kwenye hifadhi ile ile, na zote mbili zikaanza kukua, hifadhi itajaa na mashine zote zilizomo, ikiwamo ile ya kazi, zitasimama. Majaribio yawe na diski zake. Na zisiwe diski duni mno: zile saa 18 za GitLab zilitokana na hilo hilo.

Cha kujaribu

Anza na jambo ambalo umekuwa ukiliahirisha kwa woga. Kwa ofisi nyingi jambo hilo ni SMB1, itifaki ya zamani ya kushirikiana mafaili. Mwezi Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilisambaa duniani kwa kupitia udhaifu wake, ingawa Microsoft walikuwa wametoa dawa tangu Machi mwaka huo. Kila mtu anajua SMB1 inapaswa kuzimwa, lakini kuna ile mashine kubwa ya fotokopi ukumbini inayoskani moja kwa moja kwenye folda, na inasemekana ni ya zamani. Basi zima SMB1 kwenye kloni. Tafuta swichi ndogo ya kawaida, ifunge kwenye kadi ya mtandao ya mwenyeji ambayo haitumiki, unganisha fotokopi hapo na kloni hapo, bila kebo nyingine yoyote kwenda ofisini, na uskani ukurasa mmoja. Utajua kwa dakika tano. Kwa vifaa usivyoweza kuvihamisha, washa ukaguzi wa SMB1 kwenye seva halisi kwa wiki kadhaa. Windows itakuandikia anwani ya kila kifaa kinachoitumia.

Jambo la pili ni kupandisha toleo. Windows Server 2012 R2 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 10 Oktoba 2023, na bado zipo seva zake zinazofanya kazi. Ipandishe kloni kwanza. Ikikwama, umekwama peke yako chumbani na si mbele ya watumishi wote wanaosubiri. Fanya hivyo pia kabla ya kupanga upya ruhusa za folda, kabla ya kuwasha uondoaji wa mafaili yanayojirudia, na kabla ya kubadilisha programu ya kuzuia virusi.

Kisha jaribu urejeshaji wenyewe, ukiwa na saa mkononi. Ingia kama karani wa kawaida, si kama msimamizi, maana msimamizi hufunguliwa milango mingi ambayo wengine hawafunguliwi. Fungua folda yake. Jaribu kufungua folda ya mishahara na uhakikishe anakataliwa. Fungua PDF kubwa, jedwali lenye viungo vya mafaili mengine, na picha. Chagua mafaili machache hapa na pale na ulinganishe alama zake za SHA-256 na za yale ya seva halisi ambayo hayajaguswa tangu kloni ichukuliwe. Andika dakika zilizopita tangu ulipoanza hadi karani alipofungua faili la kwanza. Namba hiyo ndiyo ya kumpelekea mkurugenzi anapouliza, "tukipata shida tutakaa muda gani?"

Kloni ya maafa ikae wapi

Usiku wa tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na kuharibu sehemu ya jengo la jirani. Baadhi ya waliokuwa na bakapu zao eneo lile lile walipoteza vyote kwa pamoja. Kwa ofisi ya Dodoma au Kisumu, hilo lina maana nyepesi: kloni iliyo kwenye kabati lile lile la seva inakinga dhidi ya diski kufa na masasisho mabaya, lakini haikingi dhidi ya moto, mafuriko wala wezi. Nayo imechomekwa kwenye UPS ile ile.

Watu wengi watasema basi iwekwe kwenye wingu. Sawa, lakini piga hesabu kwanza. Terabaiti 2 kwa laini ya megabiti 20 kwa sekunde zitachukua zaidi ya siku 9 bila kupumzika. Kwa megabiti 100 ni takriban saa 44. Kwa hiyo nakala ya kwanza ibebwe kwa mkono kwenye diski, kisha programu ipeleke mabadiliko tu kila usiku. Hyper-V, VMware na Proxmox zote zinaweza kutambua vipande vya diski vilivyobadilika. Kuirudisha nakala kutoka kwenye wingu kutachukua muda ule ule, nayo ndiyo hesabu ya kuiogopa. Tena kumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi jirani. Kama nakala yako pekee ingekuwa ng'ambo siku ile, ungekuwa nayo na usingeifikia. Ninachopendekeza ni kloni moja kwenye kompyuta mwenyeji ya tawi jingine ndani ya nchi, na nakala nyingine mbali zaidi.

Kwa wenye Hyper-V mbili, Hyper-V Replica hupeleka mabadiliko upande wa pili kila sekunde 30, dakika 5 au dakika 15, na ina kitufe cha kuwasha nakala ya majaribio bila kukatiza usawazishaji. Proxmox yenye ZFS hufanya kazi kama hiyo, kwa kawaida kila dakika 15. Vitu hivi ni vizuri sana, na vyote vina udhaifu mmoja: vinanakili uharibifu kwa uaminifu ule ule vinavyonakili kazi.

Maersk, kampuni kubwa ya meli, iliujua udhaifu huo tarehe 27 Juni 2017, programu haribifu ya NotPetya ilipoingia. Seva zao za kikoa zilikuwa karibu 150 duniani kote, kila moja ikisawazishwa na wenzake, na mpango ulikuwa kwamba yoyote inaweza kuwa akiba ya nyingine. Zote zilifutwa siku moja, isipokuwa moja, ya ofisi ya Ghana. Umeme ulikuwa umekatika huko kabla ya shambulio, seva ikawa imezimika. Laini ya intaneti ya Ghana haikutosha kuituma data ile, na kwa kuwa wafanyakazi wa pale hawakuwa na viza ya Uingereza, mmoja wao aliruka hadi Nigeria na kumkabidhi diski mwenzake uwanja wa ndege, naye akaipeleka London. Mwenyekiti wa kampuni alieleza baadaye kwamba walilazimika kuweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku kumi.

Umeme uliokatika Ghana ulifanya kazi ambayo ilitakiwa ifanywe kwa makusudi. Kwa hiyo kila mwezi hamishia kloni moja kwenye diski ya nje, ichomoe, ifungie mahali pengine. Diski mbili za kupokezana zinatosha kwa ofisi ndogo, mradi isitokee hata siku moja zote mbili zikawa zimechomekwa pamoja. Ukiirudisha kloni ambayo imekaa kwenye kabati zaidi ya mwezi, huenda kikoa kikaikataa kwa sababu ya lile nenosiri la siku 30. Ingia kama msimamizi wa ndani na utumie amri ya Test-ComputerSecureChannel yenye kipengele cha Repair. Hakikisha basi nenosiri la msimamizi wa ndani linajulikana.

Diski hiyo ina mishahara ya watu, vyeti vyao vya hospitali, namba zao za vitambulisho. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kloni ya majaribio iko chini ya sheria hizo sawasawa na seva yenyewe. Fungia diski za nje kwa BitLocker au LUKS, weka ufunguo wake mbali na diski, usimpe fundi wa nje kloni kamili kwa sababu tu anataka kujaribu programu yake, na ufute kloni kazi ikiisha. Nimekuta kloni zilizosahaulika zikiwa wazi zaidi kuliko seva zilikotoka.

Siku yenyewe

Seva halisi ikifa, kazi ya kwanza ni kuhakikisha imekufa na haitafufuka yenyewe umeme ukirudi. Izime, chomoa kebo zake za mtandao, zima kuwaka kwake kwa moja kwa moja kwenye haipavaiza. Ndipo kloni iunganishwe na mtandao wa ofisi. Kama ni tawi jingine lenye anwani tofauti, kazi itakuwa nyepesi zaidi ikiwa tangu zamani watumiaji walielekezwa kwenye jina la bandia la DNS au DFS badala ya jina la seva yenyewe. Unabadilisha mwelekeo mahali pamoja na kompyuta 80 hazihitaji kuguswa. Jina hilo liandaliwe na lisajiliwe kwenye kikoa mapema, la sivyo Kerberos, itifaki ya kuthibitisha utambulisho kwenye kikoa, italikataa. Angalia na saa ya kloni: ikipishana na kikoa kwa zaidi ya dakika 5, hakuna atakayeingia.

Kurudi nyumbani ndiko kunakosahauliwa katika mipango mingi. Kloni ikishafanya kazi kwa siku tatu, yenyewe ndiyo seva halisi, na ile ya zamani, hata ikitengenezwa, ni nakala iliyopitwa na wakati. Usiiwashe kwenye mtandao. Ifute, inakili upya kutoka kwa ile inayofanya kazi, panga usiku wa kuhamia, na uwaambie wafanyakazi saa kamili ambayo hawatakiwi kuandika kitu.

Hatua zote hizi ziandikwe kwa Kiswahili cha kawaida, zichapishwe, ziwekwe kwenye bahasha pamoja na nywila za haipavaiza, za msimamizi wa ndani na za bakapu, na bahasha ikae kwenye sefu ya mhasibu. Zikikaa kwenye folda ya TEHAMA ndani ya seva ya mafaili hazitasomeka siku hiyo. Zoezi la kila miezi mitatu alifanye mtu ambaye hakuuandika mwongozo, akiwa na karatasi hizo tu, na aliyeuandika akae pembeni akinyamaza na kuandika kila mahali mwenzake anapokwama.